Munganga aliyemwandika kobold

Kuko jina moja ambalo watoto wetu wanalikuta mu michezo ya ordinatere na mu vitabu vya picha: kobold. Mu Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani 1974, ni adui mudogo wa kuuawa mapema. Mu World of Warcraft anaishi shimoni na anabeba mshumaa unaowaka juu ya kichwa. Sisi wachimbaji jina lile tunalipakia mu mifuko kila siku, juu kobalti iliitwa kwa jina lake. Na mutu aliyemwandika kobold zamani sana ni munganga wa Ujerumani, Georgius Agricola.

Alizaliwa Glauchau, mu inchi ya Saxony, tarehe 24 Machi 1494. Jina la nyumbani lilikuwa Georg Pawer, maana yake mkulima. Wasomi wa wakati ule walipenda majina ya Kilatini, naye akaligeuza. Alifundisha shule kule Zwickau, akaenda kusomea uganga Italia, na 1527 akawa munganga wa mji wa Joachimsthal. Ulikuwa mji mupya wa madini ya feza. Pesa iliyopigwa kule iliitwa thaler, ndiyo ilizaa neno dola, ile tunayoingoja kila mwisho wa mwezi.

Agricola hakukaa tu kungoja wagonjwa. Akipata nafasi alienda ku mashimo na ku matanuru, anauliza wazee wa kazi. Wale walikuwa na maneno mingi juu ya kobold. Jiwe likionekana kama lina feza, lakini motoni halitoi kitu isipokuwa moshi wa sumu, walisema ni yeye ameiba. Mu kitabu chake cha 1549 juu ya viumbe vya chini ya udongo, Agricola aliwaandika: wafupi, wamevaa kama wachimbaji, wanacheka, wanajionyesha wanafanya kazi sana kumbe hawafanyi kitu. (Wakubwa wa namna ile tunawajua.) Kule Annaberg, mu shimo la Rosenkranz, aliandika kwamba pepo mwingine mkali aliua watu zaidi ya 12 kwa pumzi yake. Sisi tukisoma vile, tunafikiria hewa mbaya, ile inayozima taa mbele ya kuzima mutu. Lakini Agricola aliamini pepo, hatutamuficha.

Pamoja na imani ile, kitabu chake kikubwa, De re metallica, kimejaa vitu vya kushika kwa mukono. Anasema kuko jiwe linalokula miguu ya watu ikilowa maji, na mikono pia, na kuharibu mapafu na macho. Dawa aliyotoa haikuwa hirizi: boti za ngozi, ganti za kufika ku kiwiko, kitambaa mbele ya uso. Akaonyesha kwa picha mashine za kuingiza hewa chini. Akaandika habari ya wanawake wa milima ya Carpathia walioolewa na waume saba, mumoja nyuma ya mwingine, wote wamemalizwa na kifua juu ya vumbi. Mama zetu hawahitaji kuelezwa ile. Akapanga na posti: tatu kwa siku, kila moja saa 7, na kwa kawaida mutu haruhusiwi kufanya mbili mfululizo. Miaka karibu 500 imepita, na sisi bado tunabeba mambo yale yale ku mikutano ya sendika.

Mu 1546 alikuwa bourgmestre wa Chemnitz. Alibaki Mkatoliki mu mji uliogeuka wa Kiprotestanti. Alipokufa, 21 Novemba 1555, walikataa azikwe pale, hata kama alikuwa ameuongoza na kuwatibu watu wake. Maiti ikapelekwa Zeitz. De re metallica ilitoka 1556, hakuiona.

Karibu 1735 Georg Brandt, mtu wa Sweden, alitoa metali mupya mu lile jiwe lililosingiziwa pepo. Hakuipa jina lake mwenyewe, wala la mufalme. Aliliacha lile walilolitumia wachimbaji.