Seraphino Antao, mtimkaji wa Makadara

Kuna kisa kilichonifanya nishike kalamu juma hili. Katika shule ninayofundisha, upande huu wa Kisauni, wanafunzi wangu kadhaa wameupenda sana mpira wa vinyoya. Ukumbi hatuna. Wavu tumeufunga baina ya nguzo mbili uwanjani, na kwa kuwa kile kinyoya kina uzito wa gramu tano hivi, hatuwezi kucheza ila alfajiri, kabla upepo wa kusi haujaamka. Ukiamka, kinyoya huwa si cha mchezaji tena, ni cha upepo.

Basi asubuhi moja msichana wa kidato cha tatu alinijia, raketi mkononi, akaniuliza iwapo ni kweli kwamba vinyoya vimeondolewa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Nikamwambia ni kweli. Orodha ya michezo ya Glasgow ya mwaka 2026, iliyotangazwa mwaka 2024, haikuwa na vinyoya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosekana tangu vilipoingizwa mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa labda ni heri, kwa sababu nishani za dunia ni za watu wa Bonde la Ufa, wala hakuna mtoto wa Mombasa aliyewahi kuzipata.

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Nikamtajia Seraphino Antao. Hakuwa amepata kulisikia jina hilo. Siku ile ile niliuliza darasa zima la kidato cha nne, na hakuna mkono ulioinuka. Keino walimjua, Kiprugut wawili watatu walimjua. Antao, hapana.

Alizaliwa Mombasa mwezi wa Oktoba mwaka 1937, akakulia Makadara, ng'ambo ya daraja tu kutoka hapa nilipo. Wazazi wake walikuwa Wagoa, watu waliotoka Goa katika pwani ya India, nchi iliyokuwa chini ya Wareno. Zama hizo serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawa watu kama bidhaa dukani: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Wagoa na zao, Waarabu na zao, na Waafrika na zile zilizosalia. Hata vilabu vya michezo vilifuata mipaka hiyo. Kijana aliyetaka kujipima na vijana wote wa mji wake ilimbidi kwanza aruke kuta ambazo hakuzijenga yeye.

Antao, kama wavulana wengi wa Mombasa, alianza na kandanda. Kasi yake ndiyo iliyomtoa huko. Katikati ya miaka ya 1950 aliingia riadha kwa bidii, na chini ya mkufunzi wake, Ray Batchelor, kasi ile ya asili ikafinyangwa hata ikawa ufundi. Nawaomba walimu wenzangu wapazingatie hapa. Mbio fupi hazimsamehe mtu kosa. Anayekimbia maili sita akijikwaa mwanzoni ana muda wa kujirekebisha, lakini wa yadi 100 akichelewa kuinuka kwenye mstari, shughuli imekwisha. Kipaji kisicho na jicho la mkufunzi hakifiki mbali katika mbio hizo. Ndivyo ilivyo hata katika vinyoya, ambamo mguu na mkono huamuliwa kwa kufumba na kufumbua.

Mwaka 1958 alikwenda Cardiff na timu ya Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilirudi na shaba mbili, ya Arere Anentia katika maili sita na ya Bartonjo Rotich katika yadi 440 kuruka viunzi. Antao alirudi mikono mitupu. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Roma, alifika nusu fainali ya mita 100, jambo lisilo dogo kwa kijana wa koloni iliyokuwa ikishiriki Olimpiki kwa mara ya pili tu. Mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza jijini London katika yadi 100 na yadi 220. Hapo ndipo watimkaji wakubwa walipoanza kuuliza Mombasa iko wapi.

Mwezi wa Novemba mwaka huo akasafiri hadi Perth, magharibi ya Australia. Michezo ile hukumbukwa kwa joto lake. Lilikaribia nyuzi 40, na wanajeshi wakawa na kazi ya kuwagawia wanariadha maji. Sitaki kudai kwamba joto hilo lilimfaa mtoto wa pwani kuliko wengine, maana Mombasa yenyewe haifiki huko. Ila mtu aliyezoea kutimka chini ya jua la Makadara bila shaka hakulistaajabia sana.

Katika yadi 100 wengi walimtazamia Harry Jerome wa Kanada, aliyekuwa miongoni mwa wenye rekodi ya dunia. Jerome aliumia vibaya msuli wa paja katika fainali. Antao akamaliza wa kwanza kwa sekunde 9.5, mbele ya Tom Robinson wa Bahama. Wapo waliosema kuwa bahati ilimbeba. Haya, na tuseme hivyo kuhusu yadi 100. Je, yadi 220? Huko nako alishinda. Bahati haiji mara mbili katika juma moja kwa mtu ambaye hakuiandalia miguu.

Hizo zilikuwa nishani za kwanza za dhahabu kwa Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ningependa kila mwanafunzi ailaze sentensi hiyo moyoni. Kabla ya Keino, kabla ya mabingwa wote wa nyanda za juu tunaowaenzi kwa haki, dhahabu ya kwanza ya nchi hii ililetwa na kijana wa Mombasa, tena kwa mbio fupi.

Tena tukumbuke aliileta wakati gani. Wimbo wetu wa taifa haukuweza kupigwa Perth, kwa kuwa taifa lenyewe halikuwa limezaliwa. Huku pwani bendera ya Sultani wa Zanzibari ilikuwa ingali ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, na watu walikuwa wakitetana vikali iwapo mwambao ujitenge au uungane na bara. Katikati ya mabishano hayo kuhusu nani ni wa wapi, Mgoa wa Makadara alikuwa amekwisha kukimbia kwa jina la Kenya na kushinda.

Uhuru ulipatikana Desemba 1963. Oktoba 1964, katika Olimpiki ya Tokyo, Kenya iliingia uwanjani kwa mara ya kwanza ikiwa dola huru, na aliyeibeba bendera ile mpya alikuwa Antao. Mbio zenyewe hazikumwendea vizuri safari hiyo. Heshima ya nishani ilikwenda kwa Wilson Kiprugut, aliyepata shaba ya mita 800, ya kwanza kwa Kenya katika Olimpiki. Baada ya Tokyo Antao aliacha kushindana, akahamia London, na huko ndiko alikoishi hadi alipofariki Septemba 2011.

Nimewahi kusikia, hata katika chumba cha walimu, hoja kwamba huyu hakuwa hasa mtu wetu; alikuwa Mhindi, kisha akaenda zake Ulaya. Mimi hoja hiyo siikubali. Mtu aliyezaliwa Mombasa, akafunzwa mbio Mombasa, akaibeba bendera yetu wengi wetu tukiwa hatujazaliwa, atakuwa wa nani? Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 mjini Birmingham mwaka 2022, ilibidi turudi nyuma miaka 60 kamili kumtafuta Mkenya mwingine aliyeshinda mbio fupi kama hizo katika michezo hiyo, na tukamkuta Antao.

Yule msichana alinisikiliza hadi mwisho. Nikamweleza pia kwamba huko Kingston mwaka 1966, vinyoya vilipofunguliwa mlango, Harry Jerome naye alipata hatimaye dhahabu yake ya yadi 100, na kwamba katika Olimpiki vinyoya vimekuwamo tangu Barcelona 1992, na katika Michezo ya Afrika tangu Abuja 2003. Hakuuliza tena habari za Glasgow. Aliniuliza ikiwa Makadara ni ile ile tunayopita kwa matatu tukienda mjini, nikamwambia ndiyo, ile ile. Akatazama minazi, akaona majani yameanza kuchezacheza, akamwita mwenzake wamalizie seti kabla kusi haijawanyang'anya kinyoya.