George Bridgetower, mpiga violoni

Wandugu wasomaji, wengi wetu tunapiga gitare kwa masikio tu, bila kusoma noti. Leo tunawaletea mtu aliyesoma noti kama vile sisi tunavyosoma barua.

George Bridgetower alizaliwa mwaka 1778 katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mtu mweusi, mama yake mzungu. Mwaka 1789 alipiga violoni Paris mbele ya watu wengi, naye bado mtoto wa miaka kumi! Baadaye baba akampeleka Uingereza. Kule mwana wa mfalme alimpenda, akamwondoa baba nchini, akamshika mtoto na kumtafutia walimu: Barthélemon na Giornovichi kwa violoni, Attwood kwa kutunga muziki. Tena akamwingiza katika orkestra yake mwenyewe, na George akafika kuwa violoni wa kwanza.

Ile kazi si mchezo, wandugu. Wapiga violoni wanakaa pamoja, na upinde wa kila mmoja unapanda na kushuka sawa na wa wenzake. Leo wanapewa noti mpya, kesho kutwa wanapiga mbele ya wakubwa. Mwenye kusoma pole pole anaachwa njiani. George alifanya kazi hiyo miaka mingi.

Mwaka 1802 aliomba ruhusa kwenda kumwona mama yake kule Dresden. Toka kule akafika Vienna, akajuana na Beethoven, wakawa marafiki sana. Beethoven alikuwa anatunga sonata ya violoni na piano, wapige wawili. Siku ya konseri ilikuwa tarehe 24 Mei 1803, asubuhi. Kumbe noti hazijamalizika kunakiliwa! Sehemu ya pili, George aliisoma katika karatasi ya Beethoven mwenyewe, na mwandiko wa Beethoven ulijulikana kwa ubaya wake. Katika sehemu ya kwanza aliongeza kitu chake, akiiga piano. Inasimuliwa kwamba Beethoven aliruka toka kitini, akamkumbatia.

Sonata ile ilikuwa ya George, kwa jina lake. Lakini wakagombana, wanasema ni kwa sababu ya msichana. Beethoven akafuta jina. Kitabu kilipotoka mwaka 1805, kilikuwa na jina la Rodolphe Kreutzer, mpiga violoni wa Paris, ambaye hakuomba kitu na hakuipiga hata mara moja mbele ya watu. Sisi tunaona hapo Beethoven alikosea: ugomvi ni ugomvi, lakini kazi iliyofanywa ile asubuhi ilikuwa imefanywa.

George alirudi Uingereza. Mwaka 1807 alipokelewa katika chama cha wanamuziki, na mwaka 1811 alipata diploma ya muziki huko Cambridge. Alifia London mwezi wa pili 1860, akazikwa Kensal Green. Sonata ile inaitwa Kreutzer mpaka leo.