Krapf na homa iliyomwachia kaburi Nyali

KUTOKA Tononoka, katika kisiwa cha Mombasa, hadi kaburi la Rosine Krapf si mwendo mrefu. Msafiri huvuka daraja la Nyali, akageukia upande wa ufuo unaotazamana na Mji wa Kale, na huko hulikuta kaburi la mwanamke aliyefariki Julai 1844 akiwa amejifungua wiki moja tu.

Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua mumewe, Johann Ludwig Krapf, kuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika sarufi na kamusi ya lugha hii. Wanafunzi wa historia wanamjua kuwa mmishonari aliyeuona Mlima Kenya na kuupeleka habari zake Ulaya. Wasilolikumbuka wengi ni kwamba maisha yake yote ya Pwani aliyapitisha akipambana na adui ambaye hakumjua kwa sura wala kwa jina: kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachosafiri kutoka mtu hadi mtu ndani ya mbu.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen kusini mwa Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Alisomea kazi ya dini mjini Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na Chama cha Wamishonari cha Kanisa la Uingereza, CMS. Mnamo 1837 alipelekwa Abisinia, nchi ambayo leo ni Ethiopia. Huko alijifunza lugha za wenyeji na kupata hamu kubwa ya kuwafikia Waoromo, ambao wakati huo waliitwa Wagala.

Mwaka wa 1842 alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, Misri. Milango ya Abisinia ilipofungwa kwa wamishonari, wawili hao waliamua kuifuata njia ya baharini. Kufikia wakati huo walikuwa wamekwisha kumzika mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya wakati wakiwa safarini.

Januari 1844 Krapf alifika Unguja na kupokewa na Seyyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo alihamia Mombasa na mkewe, aliyekuwa mjamzito. Mji wenyewe ulikuwa umejibana upande wa mashariki wa kisiwa, karibu na Ngome ya Yesu. Sehemu ambazo leo ni Tononoka zilikuwa nje ya mji.

Krapf hakupoteza muda. Juni 8 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Mmishonari Mkristo na kadhi Mwislamu walikaa pamoja wakipima maneno.

Lakini Mei ni mwezi wa masika. Maji hutuama mashimoni na vichakani, na baada ya mvua mbu huwa wengi. Mapema Julai homa iliingia nyumbani mwa Krapf. Rosine alijifungua mtoto wa kike Julai 6, na siku chache baadaye akashikwa na homa kali. Mumewe naye alikuwa hoi kitandani, hata alipoambiwa kwamba mkewe amekata roho aliinuka kwa shida ili ahakikishe. Hiyo ilikuwa Julai 13. Mtoto alifuata muda mfupi baadaye.

Kabla ya kufa, Rosine aliomba azikwe bara, mahali ambapo wapitanjia wangeliona kaburi lake na kukumbuka kilichowaleta. Krapf alitimiza wasia huo. Kisha aliwaandikia wakuu wa chama chake kwamba kaburi lile lilikuwa ishara ya kazi iliyoanza, na hakuomba kurudishwa nyumbani.

ADUI ASIYEONEKANA

Siku hizo hapakuwa na kipimo cha damu, lakini wanahistoria wengi wanaitaja homa hiyo kuwa malaria, na mazingira yake yanalingana nayo. Krapf, kama wasomi wengine wa Ulaya wa zama zake, aliamini kwamba homa za nchi za joto hutokana na hewa chafu inayopanda kutoka kwenye matope na majani yanayooza. Neno malaria lenyewe lilitokana na Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya.

Ukweli ulikuwa mwingine. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapomnyonya mtu aliyeambukizwa, humeza vimelea pamoja na damu. Katika joto kama la Pwani, vimelea hivyo hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi, kisha hukaa kwenye mate yake vikingoja mtu mwingine. Mbu akiuma tena, vimelea huingia mwilini na kukimbilia ini. Huko huzaana kimyakimya kwa takriban wiki moja, halafu humwagika kwenye damu na kuzivamia chembechembe nyekundu. Chembechembe hizo zinapopasuka ndipo mgonjwa hutetemeka, huchomwa na joto na kulowa jasho.

Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwani vimelea hivyo hujificha katika kondo la nyuma, humpunguzia mama damu na kumdhoofisha mtoto. Rosine alikuwa mjamzito na mgeni, na mwili wake haukuwa na kinga yoyote.

Wenyeji wengi waliokulia Mombasa walikuwa wameumwa na mbu hao tangu utotoni. Waliookoka utotoni walijenga kinga ya kiasi, hata mtu mzima aliweza kubeba vimelea bila kuugua, huku mbu wakimchukulia yeye na kumpelekea jirani. Wengine walilindwa na urithi wa damu. Mwaka wa 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Alikuwa ameona kwamba chembe hiyo imeenea zaidi kwenye Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria ilikuwa nyingi, kuliko nyanda za juu.

NENO LILIKUWAPO

Mnamo 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, kwenye vilima vya bara. Hata siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mnamo Mei 1848, naye Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani Desemba 3, 1849. Wataalamu kadhaa wa Ulaya hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta.

Wakati huo homa iliendelea kuvuna. Johannes Wagner aliwasili 1849 na kufariki mwaka huo huo. Christian Pfefferle aliwasili 1851, naye pia hakumaliza mwaka. Kila mgeni aliyeshuka Mombasa alikuwa mwili mpya usio na kinga, mbele ya mbu wale wale.

Mara mbili, mnamo 1848 na 1852, Krapf alikwenda Usambara kumtembelea Mfalme Kimweri katika mji wake wa Vuga. Safari hizo zina jambo la kusikitisha kwa anayezitazama leo. Mwaka wa 1898, daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefanya utafiti wa malaria katika nchi ambayo leo ni Tanzania, aliripoti kwamba watu wa milima ya Usambara walioshuka tambarare na kuugua waliuita ugonjwa huo mbu. Ni jina lile lile la mdudu ambaye walisema ndiye aliyewapa maradhi.

Wasomali wa Zeila nao walikuwa na maarifa kama hayo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Mombasa na Rabai mwaka wa 1857, alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla yake kwamba watu wa huko walidai mbu huleta homa za kuua. Yeye aliyaona madai hayo kuwa ushirikina, akidhani kwamba mbu na homa hupatana tu kwa kuwa huja msimu mmoja.

Kwa hivyo jibu lilikuwa likitembea katika vinywa vya watu, katika ukanda ule ule ambao Krapf aliuzunguka akikusanya maneno. Hakuna mtaalamu aliyelichukua kwa uzito.

Dawa nayo ilikuwapo, ingawa matumizi yake hayakuwa yameeleweka vyema. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikuwa wameipata kwinini kutoka kwa magamba ya mti wa Amerika Kusini tangu 1820. Hata hivyo, ilikuwa mwaka wa 1854, miaka 10 baada ya kifo cha Rosine, ambapo daktari William Baikie aliwapa wasafiri wake wa Mto Niger kwinini kila siku kama kinga, akawarudisha wote wakiwa hai.

MWAKA MMOJA TU

Afya ya Krapf ilikuwa imevunjika alipoondoka Afrika Mashariki mwaka wa 1853. Alirudi kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1860 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na baadaye akafuatana na jeshi la Uingereza lililokwenda Abisinia, ambako maradhi yalimrudisha tena Ulaya. Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, Ujerumani, akishughulikia kamusi yake ya Kiswahili.

Novemba 6, 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alitazama damu ya mgonjwa wa malaria kwa hadubini na kuviona vimelea vikichezacheza. Krapf alifariki Novemba 26, 1881, mwaka mmoja na siku chache baadaye. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka wa 1882. Mnamo 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta vimelea tumboni mwa mbu, na mwaka uliofuata Waitaliano wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi wakathibitisha kwamba Anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50 tangu kaburi la Nyali lichimbwe.

Mombasa ya leo ina mengi ambayo Krapf hakuwa nayo. Kuna vipimo vinavyotoa jibu kwa dakika chache, dawa zitokanazo na mmea wa artemisia, na neti zilizotiwa dawa. Katika maeneo ya Pwani na Ziwa, mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa vidonge vya kumkinga. Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, ni miongoni mwa vituo ambako chanjo za malaria zilifanyiwa majaribio, na Septemba 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto katika maeneo ya magharibi.

Hata hivyo, adui amebadili mbinu. Mwaka wa 2023 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba mbu aina ya Anofelesi stefensi, mwenye asili ya Asia na Uarabuni, amepatikana katika kaunti ya Marsabit. Huyu hahitaji kinamasi. Hutaga katika matangi, mapipa na mitungi ya maji, na hustawi mijini, jambo ambalo mbu wengi wa malaria wa Afrika hawaliwezi.

Kwa kisiwa ambacho wakazi wake wengi huhifadhi maji kwa sababu mfereji haukauki wala hautoki kwa mpangilio, hiyo si habari ya mbali. Pipa lisilofunikwa katika ua wa Tononoka laweza kuwa hatari kuliko vichaka vya mwaka wa 1844. Krapf hakuwa na namna ya kujua kilichomwondolea mke na mtoto kwa siku chache. Anayeacha pipa wazi leo, au mjamzito anayezuiwa kwenda kliniki mapema, hana udhuru huo, kwani jina la adui na njia zake zimeshajulikana.