Jean de Heinzelin: alichimba Ishango, lakini hakuamini magamba ya konokono

Mwaka 1950, fasi mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard na kuanza safari yake ya kuja huku Ituri, Mbelgiji mmoja alikuwa anachimba udongo tabaka kwa tabaka. Jina lake ni Jean de Heinzelin de Braucourt. Alizaliwa mwaka 1920, na kazi yake ilikuwa jeolojia, ni kusema elimu ya kusoma mawe na udongo ili kujua mambo ya zamani. Alitumwa na watu wa parke Albert, ile tunayoita leo Virunga.

Fasi hiyo ni Ishango, teritware ya Beni, Kivu ya Kaskazini. Wakaaji wa Boga, Komanda na Bunia wanajua Semliki kama mto unaopita chini ya milima Ruwenzori, unakuwa mpaka na Uganda, na unamalizika katika ziwa Albert. Lakini si wengi wanaojua kama pale kwenye kichwa cha mto huo kulikuwa kijiji cha wavuvi cha zamani sana. Uzee wa kijiji hicho ndio ulimsumbua de Heinzelin kwa miaka mingi.

Yeye hakuwa wa kwanza kufika. Mwaka 1935 Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, aliyekuja kuchunguza maji na viumbe vya ziwa, aliokota mifupa pale. De Heinzelin alirudi na kazi ya kuchimba vizuri. Alikuta mifupa ya samaki na ya wanyama, mifupa ya watu, vyombo vya mawe, na mikuki ya kuvulia samaki iliyochongwa kwa mfupa, yenye meno pembeni. Alikuta pia magamba mengi ya konokono wa maji.

Katika vitu hivyo kulikuwa mfupa mmoja mdogo, urefu wake karibu sentimeta 10, na kipande cha jiwe kali kwenye ncha. Juu yake mtu alikata alama katika mistari mitatu. Mstari mmoja una alama 11, 13, 17 na 19. Wa pili una 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha, kila mmoja unatoa 60. Mstari wa katikati una alama 48. De Heinzelin aliona kama ni watu waliokuwa wanacheza na hesabu. Wataalamu wengine walisema ni kalenda ya mwezi. Mabishano hayo hayajaisha, lakini mfupa wa Ishango ulijulikana dunia nzima.

Ulizo moja lilibaki: watu hao waliishi wakati gani?

Wakati ule ule, njia mpya ilikuwa imetoka Marekani. Mwaka 1949, mjini Chicago, Willard Libby na wenzake walionyesha kama karboni iliyo ndani ya kiumbe inaweza kuhesabu miaka. Kila kiumbe hai kina karboni 14 kidogo. Kikikufa, karboni hiyo inapungua polepole, na nusu yake inaisha kila miaka karibu 5,730. Ukipima iliyobaki, unajua kiumbe kilikufa lini.

Magamba ya Ishango yalipelekwa katika maabara moja ya Marekani. Jibu lilikuja: miaka karibu 21,000.

De Heinzelin hakukubali. Na sababu yake haikuwa ya kijinga. Konokono anajenga gamba lake kwa vitu anavyotoa ndani ya maji, kwa hiyo gamba linabeba alama ya maji yale. Kama maji yana karboni ya zamani, inayotoka ndani ya mawe ao katika moshi wa volkano, gamba la konokono aliyekufa jana linaweza kuonekana la miaka maelfu. Na sisi wa huku tunajua volkano haziko mbali na maziwa yetu. Dawa yake ni kupima konokono walio hai leo, kuona wanadanganya miaka mingapi, halafu kuitoa katika hesabu.

Yeye alifuata njia nyingine. Alilinganisha mikuki ya Ishango na ile iliyopatikana Khartoum, Sudan. Aliona kama ufundi ule ulitoka Ishango ukashuka na Nile mpaka kaskazini. Mwaka 1962, katika gazeti moja kubwa la sayansi la Marekani, aliandika kama kijiji hicho ni cha kati ya miaka 9000 na 6500 mbele ya Kristu. Kwa hiyo alikata zaidi ya miaka 10,000 katika ile hesabu ya magamba.

Lakini wakati huo magamba yalikuwa yameanza kuheshimiwa kwingine. Huko huko Chicago, Harold Urey na wenzake walionyesha mwaka 1951 kama oksijeni iliyo ndani ya gamba la kiumbe cha bahari inaweza kusema maji yalikuwa na joto gani wakati kiumbe kile kinaishi. Kuna oksijeni nyepesi na nzito, na kipimo chake kinageuka kufuatana na joto. Katika maziwa inasema jambo lingine pia: jua likikausha maji mengi, ile nzito inabaki nyingi. Ndiyo njia wataalamu wanatumia mpaka leo kujua bahari na maziwa yalikuwa namna gani.

De Heinzelin aliendelea na kazi. Alifundisha katika universite ya Ghent, alichimba Sudan katika miaka ya 1960, kiisha akaenda Ethiopia, katika bonde la Awash. Lakini hakuacha Semliki: mwaka 1996 alitoa kitabu, pamoja na mwenzake, juu ya historia ya udongo wa Semliki ya juu.

Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kurudi. Katika miaka ya 1980, kundi la watafiti, mmoja wao Alison Brooks wa Marekani, lilichimba tena Ishango na kupima upya. Walikuta miaka kati ya 20,000 na 25,000. Magamba yalikuwa karibu na kweli tangu mwanzo. Na kule Katanda, si mbali na pale kufuata Semliki, walipata mikuki ya mfupa waliyoipa umri wa miaka karibu 90,000.

De Heinzelin alikufa mwaka 1998. Mwaka 1999 kazi yake ya mwisho ya Ethiopia, juu ya watu wa miaka milioni 2.5 iliyopita, ilitokea na jina lake mbele.

Tofauti hiyo ya miaka si jambo la wataalamu peke yao. Kama Ishango ni ya miaka 20,000 na zaidi, basi watu walikata alama za hesabu kando ya Semliki maelfu ya miaka mbele ya mashamba na miji ya Misri. Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika musee ya sayansi. Tabaka za udongo na magamba yake ziko bado Ishango, ndani ya parke, na kazi ya kuzisoma haijaisha.