Makhan Singh: Kijana wa Duka la Kuchapa Aliyedai Uhuru Kamili

Leo ukitaka kuita watu mkutanoni, unatoa simu, unaunda bango, unaposti. Kabla chai ipoe, habari imefika Kayole na Kisumu. Sasa hebu fikiria Nairobi ya miaka ya 1930. Huna simu, redio ni ya wenye nacho, na magazeti makubwa ni ya walowezi. Utawafikiaje mafundi na vibarua?

Makhan Singh alikuwa na jibu. Alizaliwa 1913 huko Punjab, akaletwa Kenya 1927 akiwa kijana wa miaka 13. Babake, Sudh Singh, alikuja kufanya kazi ya reli, baadaye akafungua duka la kuchapa hapa Nairobi. Makhan alikuwa kichwa darasani, lakini baada ya kufaulu mtihani wa 1931 hakupanda meli kwenda chuo kikuu ng'ambo. Aliingia dukani kwa babake. Kama wewe pia hukumaliza chuo, soma hapo tena polepole.

Pale ndipo alipojifunza silaha yake. Kipeperushi si mchezo, bana. Karatasi ni ndogo na wino ni pesa, kwa hivyo kila neno lazima lifanye kazi: tunadai nini, tukutane wapi, lini. Halafu lugha. Ukiandika kwa Kiingereza pekee, umeongea na mabosi. Chama chake kilichapisha kwa lugha za Wahindi na kwa Kiswahili pia, ili asiyejua kusoma asomewe na mwenzake kazini.

Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi. Hakutaka kiwe cha Wahindi tu. Kilibadilishwa jina na milango ikafunguliwa kwa kila rangi, jambo ambalo serikali ya mkoloni haikulipenda hata kidogo. Mwaka 1937 waligoma siku 62 na mishahara ikapanda kwa asilimia 15 hadi 22.

Alipoenda India 1939, Waingereza walimtia kizuizini kule. Akarudi Kenya 1947, na serikali ikajaribu kumfukuza nchini ikashindwa. Mei 1, 1949, yeye na Fred Kubai wakaanzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji mwezi Machi 1950, muungano huo uliwaambia wafanyakazi wasusie sherehe.

Kisha ikaja Aprili 23, 1950, ukumbi wa Kaloleni. Ndiyo, Kaloleni hii ya Eastlands unayopita kila siku. Mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan alitoa hoja iliyodai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hakuomba viti viwili zaidi bungeni wala marekebisho madogo madogo. Wengi wakati huo hawakuthubutu kulitamka hilo hadharani.

Wiki tatu baadaye, Mei 15, yeye na Kubai wakakamatwa. Nairobi ikagoma siku kadhaa, lakini Makhan akapelekwa mbali: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Alikaa huko bila kifungo chenye mwisho, zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961. Alimwacha mke na watoto wadogo.

Na uhuru ulipokuja? Hakupewa uwaziri, hakupewa cheo chochote cha maana. Aliketi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya, kitabu kilichotoka 1969, na humo akataja majina ya wenzake wengi ambao wangesahaulika kabisa. Alifariki Nairobi Mei 1973.

Kwa hivyo kabla uposti bango lako lijalo, jiulize maswali ya duka la kuchapa. Unadai nini hasa? Mama mboga ataelewa? Na jina lako likiandikwa chini yake, uko tayari kusimama nalo?