Leo Fender

Clarence Leonidas Fender, anayejulikana zaidi kama Leo Fender (10 Agosti 1909 – 21 Machi 1991), alikuwa fundi wa redio na mbunifu wa magitaa ya umeme na amplifaya kutoka California, Marekani. Watu wengi wanamkumbuka kwa magitaa ya Telecaster na Stratocaster, lakini amplifaya zake za valvu zina nafasi kubwa vilevile katika historia ya muziki. Sauti ya kukwaruza ambayo wapiga gitaa wa bluzi na roki huitafuta katika mashine hizo hadi leo ni sauti ambayo Fender mwenyewe aliihesabu kuwa kasoro.

Maisha ya awali

Alizaliwa karibu na Fullerton, katika familia ya wakulima wa michungwa. Utotoni alipoteza jicho moja, akawekewa la bandia. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, jamaa yake mmoja aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimpelekea sanduku la vipuri vya redio, na tangu hapo hakuacha kufungua na kufunga mashine.

Hata hivyo chuoni alisomea uhasibu, si umeme. Alifanya kazi ya kutunza hesabu sehemu mbalimbali mpaka alipopoteza ajira katika miaka ya shida ya uchumi. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki wa eneo hilo walianza kumletea magitaa na amplifaya zilizoharibika. Fender hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Aliwasikiliza waliojua, akawapa vifaa vyake wakavijaribu kwenye kumbi za dansi, kisha akarudi karakanani kurekebisha walichokilalamikia.

Amplifaya

Mwaka 1945 alishirikiana na Doc Kauffman kutengeneza magitaa ya kulaza mapajani na amplifaya ndogo. Mwaka uliofuata waliachana, na Fender akaanzisha kampuni yake. Telecaster, ambayo mwanzoni iliitwa Broadcaster, na gitaa la besi la Precision zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Stratocaster ilifuata mwaka 1954.

Ili kuelewa sauti iliyomletea sifa asiyoitafuta, ni lazima kujua kidogo valvu inavyofanya kazi. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo hupokea umeme dhaifu wa gitaa na kuukuza. Kila valvu ina kikomo. Umeme unaoingia ukizidi, vilele vya wimbi la sauti hukatwa. Valvu haikati ghafla kama kisu. Hubana kwanza, kisha hukata. Ndiyo maana sauti hupata mkwaruzo ulio mnene na wa joto, na mpigaji akigusa nyuzi taratibu sauti husafika tena.

Kwa Fender huo ulikuwa upotoshaji. Wateja wake wa mwanzo, wengi wao wapiga muziki wa kantri, walitaka sauti kubwa na safi, naye alitumia miaka mingi kuongeza nguvu ya mashine ili zisikwaruze mapema. Wapiga gitaa wengine walizungusha sauti hadi mwisho makusudi. Waligundua kwamba amplifaya ndogo, kama Deluxe, hufika kikomo haraka bila kupasua masikio ya watu. Wengine waliunganisha matundu ya njia mbili za amplifaya moja kwa waya mfupi, gitaa likapita kote kwa pamoja. Kubadili valvu ya kwanza kulisaidia pia: 12AX7 hukuza zaidi kuliko 12AY7, hivyo mkwaruzo huanza mapema. (Asiye fundi asifungue mashine hizi. Ndani yake mna mamia ya volti, na umeme huo unaweza kubaki hata baada ya kuzimwa.)

Mfano mkubwa ni Bassman, iliyotoka mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa la besi. Toleo la mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye spika nne za inchi 10, lilipendwa zaidi na wapiga gitaa la kawaida kuliko wale lililokusudiwa. Katika miaka ya 1960 duka la Jim Marshall jijini London lilijenga amplifaya ya kwanza ya Marshall kwa kufuata saketi hiyo ya Bassman karibu yote, likabadili valvu na spika. Kwa hiyo hata ngurumo ya roki ya Uingereza ina asili yake kwenye meza ya fundi wa Fullerton aliyetaka sauti isiyokwaruza.

Kuuza kampuni na miaka ya mwisho

Maradhi ya muda mrefu yalimfanya Fender aamini kwamba hangeishi sana. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye daktari mwingine alimtibu akapona, lakini kampuni ilikuwa imeshakwenda. Chini ya CBS baadhi ya amplifaya ziliongezewa nguvu na kusafishwa zaidi; Twin Reverb ilifikia wati 135. Kwa namna fulani huko ndiko Fender mwenyewe alikokuwa akielekea, ila wanamuziki wengi walirudi kununua zile kuukuu.

Alifanya kazi na Music Man, kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake George Fullerton. Mke wake Esther alifariki mwaka 1979. Mwaka uliofuata alimwoa Phyllis. Aliugua ugonjwa wa Parkinson, lakini aliendelea kwenda karakanani hadi karibu na kifo chake mwaka 1991. Mwaka mmoja kabla, kampuni yenye jina lake ilikuwa imeanza kutengeneza upya Bassman ya mwaka 1959.