Martinus Beijerinck na vijidudu vya udongo
Wasikilizaji wetu wengi mnalima maharage, hivyo leo tunamkumbuka Martinus Beijerinck, mwanasayansi wa Uholanzi aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1851. Mwaka 1888 alifanikiwa kuwatenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde, wanaoupatia mmea naitrojeni ya hewani. Akiwa profesa mjini Delft, alishikilia kwamba vijidudu vimetapakaa kila mahali, ila mazingira huamua vipi vitastawi. Alifariki mwaka 1931.

Watafiti wa baadaye wameona kuwa umbali nao una nafasi yake. Ndiyo maana soya, yenye asili ya Asia, mara nyingi hupakwa bakteria wake kabla ya kupandwa kwingine.

Tunakushauri ung'oe mche mmoja wa maharage. Ukipasua kinundu ukakuta wekundu, bakteria wako kazini.